Viza ya kazi H-1B ya Marekani: tombola imebadilika, na haya ndiyo ya kujua mbele ya kutoa hata dola moja

Ujumbe wa namna hii si mugeni kwa vijana wenye diplome hapa Mashariki: «Leta dola 150, tunakuandikisha ku tombola ya kazi ya Amerika, mu mwezi wa kumi uko kule.» Wengine wanatuma picha ya pasipoti na feza siku ileile. Wengine wanakopa kwanza kwa ndugu.

Tombola ya kazi iko kweli. Inaitwa H-1B, na sheria zake zimebadilika sana tangu mwaka 2024. Lakini kuko jambo moja ambalo halijabadilika: mutafuta kazi hawezi kujiandikisha mwenyewe, na komisyoneri wa mutaani hawezi kumuandikisha. Anayeandikisha ni mwajiri wa Marekani ambaye tayari anataka kumupa kazi, ao avoka wa mwajiri huyo. Mwenye kuelewa jambo hilo moja hawezi kudanganywa kwa urahisi.

H-1B ni nini?

Ni viza ya kazi ya muda, kwa watu wenye ujuzi wa masomo ya juu. Kazi yenyewe inapashwa kuwa ya aina inayoomba diplome ya chuo kikuu katika fani ileile: injinia wa informatiki, injinia wa ujenzi, mutaalamu wa hesabu na takwimu, mutafiti wa maabara, mwalimu wa chuo kikuu, daktari. Inatolewa kwa miaka 3, na inaweza kuongezwa mpaka miaka 6. Bibi ao bwana na watoto wenye chini ya miaka 21 wanaweza kufuata kwa viza yao inayoitwa H-4.

Dereva, fundi wa kuchomelea vyuma, muuzaji wa duka ao mulinzi haingii katika H-1B, hata akiwa na uzoefu wa miaka 20. Muuguzi wa kawaida pia kwa sehemu kubwa haingii, kwa sababu kule kazi hiyo haiombi kwa lazima diplome ya miaka minne. Daktari anaweza kuingia, lakini anapashwa kupita kwanza mitihani ya USMLE na kupata ruhusa ya kutibu katika jimbo atakalofanyia kazi.

Kuko tombola mbili, si moja

Watu wengi wanachanganya H-1B na ile «loterie ya Amerika» ambayo inajazwa ku cyber kila mwaka. Ile ya pili inaitwa DV. Tofauti ni kubwa:

- Katika DV, mutu anajiandikisha mwenyewe. Haombwi mwajiri. Akishinda na akikubaliwa, anapata grinikadi na kuishi kule kwa kudumu.
- Katika H-1B, mwajiri ndiye anayeandikisha. Akishinda, mufanyakazi anapata viza ya muda, kwa kazi ile na mwajiri yule.

DV yenyewe iko katika matatizo. Mwezi wa tisa 2025, serikali ya Marekani iliweka malipo ya dola 1 kwa kujiandikisha, wakati mbele ilikuwa bure kabisa. Mwezi wa kumi na mbili 2025, ilitangaza kusimamisha programu hiyo. Kisha, tangu tarehe 21 mwezi wa kwanza 2026, ilisimamisha kutoa viza za kuhamia kwa kudumu kwa raia wa inchi 75, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mumoja wapo. H-1B haimo katika kizuizi hicho, kwa sababu si viza ya kuhamia.

Jambo lingine linaloleta fujo: Kongo iliyo katika orodha ya inchi zilizokatazwa kuingia Marekani tangu mwezi wa sita 2025 ni Kongo-Brazzaville, si yetu. Mwenye kuuza «njia ya kupita kizuizi» kwa mukongomani wa Goma anauza dawa ya ugonjwa usiokuwako.

Tombola inapita namna gani?

Sheria ya Marekani inaruhusu viza mupya 65,000 za H-1B kwa mwaka, na 20,000 za nyongeza kwa wenye master ao doktora waliyopata katika vyuo vikuu vya Marekani. Jumla 85,000. Kwa sababu waombaji wanapita hesabu hiyo, kunafanywa tombola.

Hatua ni hizi:

1. Mwezi wa tatu, mwajiri anaingia katika mutandao wa USCIS, ile ofisi ya uhamiaji ya Marekani, na kuandikisha jina la mufanyakazi anayemutaka. Kwa mwaka 2026, muda uliopangwa ni tarehe 4 mpaka tarehe 19 mwezi wa tatu.
2. Mwisho wa mwezi wa tatu, kompyuta inachagua. Majibu yanafika katika akaunti ya mwajiri. USCIS haitume ujumbe wa WhatsApp kwa mushindi.
3. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa ine, mwajiri aliyechaguliwa ana siku 90 za kutuma dosye kamili: karatasi ya wizara ya kazi ya Marekani kuhusu mushahara, diplome, maelezo ya kazi.
4. Dosye ikikubaliwa, mufanyakazi anaenda kuomba viza ku ambasade. Kazi inaanza tarehe 1 mwezi wa kumi, ao nyuma yake.

Kuchaguliwa katika tombola si viza. Ni ruhusa ya kutuma dosye tu. Mu mwaka 2025, kwa uandikishaji 343,981 uliokubalika, 120,141 ulichaguliwa. Wanachagua zaidi ya nafasi 85,000 kwa sababu dosye zingine hazitumwi ao zinakataliwa.

Nini imebadilika?

*Pasipoti moja, jina moja.* Zamani, kampuni kumi ziliweza kuandikisha mutu mumoja, na jina lake lilihesabiwa mara kumi. Watu walitumia mwanya huo: mu tombola ya mwaka 2023 uandikishaji ulifika 780,884, na zaidi ya nusu ulikuwa wa watu walioandikishwa zaidi ya mara moja. Tangu 2024, kompyuta inachagua mutu, si karatasi. Hata kama waajiri watano wanakutaka, unahesabiwa mara moja kwa namba ya pasipoti yako. Mwaka huohuo uandikishaji ulishuka mpaka karibu 480,000.

*Malipo ya kuandikisha.* Yalikuwa dola 10. Tangu tombola ya mwaka 2025 ni dola 215 kwa kila jina. Yanalipwa na mwajiri.

*Dola 100,000.* Tarehe 19 mwezi wa tisa 2025, rais Donald Trump alitia sahihi amri inayoomba mwajiri alipe dola 100,000 kwa dosye mupya ya H-1B ya mutu aliye inje ya Marekani. Amri ilianza tarehe 21 mwezi huohuo, kwa miezi 12, na inaweza kuongezwa. Kuko ruhusa ya kusamehewa kwa sababu ya faida ya taifa lao, lakini si jambo la kutegemea. USCIS ilieleza kwamba malipo hayo hayamugusi mutu ambaye tayari yuko Marekani kwa njia ya sheria, kama mwanafunzi, na anabadilisha hali yake bila kutoka.

*Mushahara mukubwa, nafasi nyingi.* Hii ni mabadiliko ya tombola yenyewe. Sheria ilitangazwa tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 2025 na kuanza tarehe 27 mwezi wa pili 2026. Wizara ya kazi ya Marekani inagawanya mishahara ya kila kazi katika ngazi ine: ya kwanza ni ya mutu anayeanza, ya ine ni ya mutaalamu mwenye uzoefu mwingi. Sasa, jina la mwenye mushahara wa ngazi ya ine linatiwa katika kitunga mara ine, wa ngazi ya tatu mara tatu, wa pili mara mbili, wa kwanza mara moja tu.

Kwa makadirio ya serikali yao wenyewe, mwenye ngazi ya ine anabaki na bahati ya karibu 61 kwa 100. Mwenye ngazi ya kwanza anabaki na karibu 15 kwa 100. Mbele ya hapo wote walikuwa karibu na 30.

Ngazi hiyo haipimwi kwa feza peke yake. Inalinganisha mushahara na kazi ileile katika eneo lilelile. Mushahara unaoonekana mudogo mu muji wa New York unaweza kuwa wa ngazi ya juu mu muji mudogo. Na kama waajiri wawili wamemuandikisha mutu kwa ngazi tofauti, inayohesabiwa ni ile ya chini.

*Interviu na mitandao.* Tangu mwezi wa tisa 2025, mwenye kuomba viza za muda anaombwa kufanya interviu katika inchi yake ao inchi anayoishi kwa sheria. Wakaaji wengi wa Mashariki walizoea kufikiria Kigali, Kampala ao Nairobi. Leo, bila karatasi ya makao ya kule, njia ni ambasade ya Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025. Safari hiyo ihesabiwe mapema, kwa feza na kwa siku. Tena, tangu tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2025, waombaji wa H-1B na H-4 wanaambiwa waache akaunti zao za mitandao wazi ili ambasade izisome.

Hii inamaanisha nini kwa mutu wa huku?

Tombola haikufungwa, lakini mulango umekuwa mwembamba. Mwajiri anayetaka kijana wa Bukavu aliye Bukavu anapashwa kulipa dola 100,000 juu ya mushahara, kisha aingie katika tombola inayopendelea wenye uzoefu. Kampuni itafanya hivyo kwa mutu wa ujuzi ambao haiupati kwa urahisi. Haitafanya hivyo kwa jina ililoletewa na komisyoneri.

Kwa hiyo kuko njia mbili za kuangalia kwa makini.

Ya kwanza ni waajiri wasiopita katika tombola. Vyuo vikuu vya Marekani, mashirika ya utafiti yasiyotafuta faida na maabara za serikali hayahesabiwe katika zile 85,000. Wanaweza kutuma dosye mwezi wowote. Lakini yale malipo ya dola 100,000 yanawagusa wao pia, kama mutu yuko inje ya Marekani.

Ya pili ni masomo. Mwenye kufanya master kule anaruhusiwa kufanya kazi ya mazoezi kwa mwaka 1 nyuma ya diplome. Kwa fani za sayansi, informatiki na injinia, anaweza kuongezewa miezi 24. Wakati huo mwajiri anamufahamu, anaweza kumuandikisha akiwa kulekule bila zile dola 100,000, na anaingia pia katika kitunga cha zile 20,000. Njia hiyo ni ndefu na inaomba burse, lakini kwa sheria za leo ni ile ambayo malango yake yako wazi zaidi.

Maandalizi: kazi ya kufanya hapa nyumbani

*Pasipoti.* Namba ya pasipoti ndiyo inayomutambulisha mutu katika tombola. Ile iliyotumiwa kuandikisha inapashwa kuwa ileile ya kuombea viza. Ikibadilishwa katikati, mwajiri anapashwa kueleza kwa vipande vya ushahidi. Kama yako inakaribia kuisha, ianze upya mbele ya mwezi wa tatu. Na usiache kopi yake kwa mutu usiyemujua.

*Majina.* Sisi tuna jina, postnom na prenom. Formulere ya kuombea viza ya Marekani ina sehemu mbili: jina la ukoo na majina mengine. Kama postnom iko katika diplome lakini haiko katika pasipoti, ao tarehe ya kuzaliwa inatofautiana kwa siku moja, dosye inakwama. Panga karatasi zako zote kwenye meza, soma jina herufi kwa herufi, na urekebishe hapa mbele ya kutuma kule.

*Diplome.* H-1B inaomba diplome inayolingana na ile ya chuo kikuu cha Marekani ya miaka 4. Hapa kuko mutego. Katika mupango wa zamani, gradua ilikuwa miaka 3, na lisansi ilikuja nyuma ya miaka 2 mingine, jumla 5. Katika mupango wa LMD, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3. Neno ni lile lile, uzito si ule ule. Mutu wa kule anayesoma «licence» hawezi kujua ni ipi kama hakuelezwa. Weka diplome pamoja na releve za miaka yote, na uombe ofisi ya tathmini ya diplome za kigeni iandike kwa wazi miaka uliyosoma.

*Uzoefu.* Mwenye gradua ao lisansi ya miaka 3 si lazima akate tamaa. Sheria inaruhusu miaka 3 ya kazi ya fani ileile ihesabiwe kama mwaka 1 wa chuo kikuu unaokosekana. Lakini kazi hiyo inahakikishwa kwa karatasi. Wengi hapa wamefanya kazi katika ONG kwa mikataba ya miezi sita sita, kisha projekti ikafungwa na ofisi ikahama. Omba atestasyo ya kazi siku unayotoka, si nyuma ya miaka mitano. Iandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi uliyofanya kweli, vyombo ao programu ulizotumia, na jina na sahihi ya mukubwa wako.

*Tafsiri.* Kila karatasi ya Kifaransa inaenda na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na maandishi ya mutafsiri anayehakikisha kwamba anajua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi.

*Kiingereza na kazi yenyewe.* Mwajiri atakupima kwa simu ao kwa video, kwa Kiingereza. Kwa mutu wa informatiki, kazi alizokwisha kufanya na kuweka wazi zinasema kuliko barua ndefu. USCIS ina orodha ya wazi ya waajiri walioomba H-1B katika miaka iliyopita. Kuisoma ni bure. Inasaidia kutafuta mwajiri, na inasaidia kujua kama kampuni inayokuandikia iko kweli.

Ishara za mwizi

- Anakuomba feza ya kukuandikisha. Malipo ya kuandikisha na ya dosye ni ya mwajiri. Feza ya mufanyakazi mwenyewe ni ile ya kuomba viza, dola 205, na inalipwa wakati wa kupanga interviu, kwa njia iliyoonyeshwa na ambasade.
- Hawezi kukuambia jina la kampuni, muji wa kazi na mushahara. Sasa tombola inategemea mushahara. Bila mushahara uliojulikana, hakuna uandikishaji.
- Anasema atakuandikisha mara nyingi ili uongeze bahati. Tangu 2024, hiyo haisaidii kitu.
- Anakutumia «barua ya ushindi» mwezi wa nane ao wa kumi na mbili, bila mwajiri yeyote. Mwajiri wa kweli anaweza kukupa kopi ya tangazo la USCIS lenye jina lako.
- Anwani yake ya mutandao inafanana na ya serikali, lakini haimalizike kwa .gov. Za kweli ni uscis.gov na travel.state.gov.
- Anakuomba uandike diplome ambayo hukupata. Uongo katika dosye ya viza unaweza kumufungia mutu mulango wa Marekani kwa maisha yake yote, na hapo komisyoneri hayuko tena ku simu.

Kwa kifupi

Mwenye kutaka H-1B haanzi na tombola. Anaanza na karatasi zinazokubaliana, ujuzi unaoonekana, Kiingereza kinachosikilika, na mwajiri mwenye jina na anwani. Tombola inakuja nyuma, na ni mwajiri anayeingia ndani yake. Zile dola 150 za komisyoneri zinafaa zaidi kulipa tafsiri ya diplome ao miezi michache ya masomo ya Kiingereza. Vitu hivyo vitabaki na faida hata kama kazi itapatikana Kinshasa, Nairobi ao palepale Goma.